Wale wa Tumbo Kavu

Kambini, 4 Machi

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na binamu yangu. Mama anasema umekikataa tena kile kifaa cha masikioni kwa sababu kinapiga mluzi. Sikulaumu, ila kwa kuwa kwenye simu husikii na huku simu zenyewe hazishiki, itabidi unisome. Dereva wa gari la dawa amekubali kubeba barua zangu. Hupita mara moja kwa juma, akipenda.

Mimi sijambo. Nimekonda kidogo, usimwambie Mama. Kambi yetu ni shule iliyofungwa: madarasa sita, mahema manne uwanjani, vitanda vya turubai vyenye tundu katikati na ndoo chini yake. Getini kuna muuguzi wa makamo ambaye kazi yake ni kuwachambua wanaoingia. Ana swali moja tu: "Umeharisha mara ngapi tangu asubuhi?" Asiyeharisha hana kitanda. Ndiyo sheria, na ni sheria nzuri, maana vitanda havitoshi.

Mjomba, wewe umepita milipuko mitatu ya kipindupindu na mimi ndiyo kwanza huu wa kwanza. Vitabu nimevisoma. Lakini Jumamosi alikuja mtu ambaye hakuwa kwenye kitabu changu. Ni kinyozi, duka lake liko karibu na kituo cha mafuta. Alikuja kwa miguu yake, bado kavaa aproni yenye nywele za watu. Hakuwa ameharisha wala kutapika. Alilalamika misuli ya miguu inakaza na tumbo limejaa kama aliyemeza mto. Macho yamezama, vidole vimekunjamana kama vya mfua nguo, sauti imekwisha. Nilipomuuliza kama ameharisha, alitikisa kichwa akaninong'oneza, "Daktari, ningeharisha ningepona."

Nilimpeleka wodi ya kawaida, ng'ambo ya uzio. Je, kuna kipindupindu kisichoharisha? Uliwahi kukiona? Niambie dalili zote za ajabu ulizokutana nazo, mlipuko kwa mlipuko, nizilinganishe na ninayoyaona. Nimechanganyikiwa, na huku hakuna mwenye muda wa kuulizwa.

Mpwa wako,
Bi Maswali


Nyumbani, 19 Machi

Bi Maswali,

Marahaba, mwanangu. Barua yako imechukua siku kumi na moja, na bahasha ina alama ya kikombe cha chai. Mwambie dereva wako anunue kisahani.

Sisi hatujambo. Binamu yako ana oda ya sare za shule mia moja na arobaini, nyumba nzima ni vipande vya bluu, juzi nimekuta mkono wa shati ndani ya birika. Masikio yangu yamestaafu baada yangu, nami nayaheshimu. Mama yako alikuja Jumapili, akanipigia kelele saa mbili nzima, nikaitikia kwa kichwa. Sijui nimekubali nini.

Sasa hilo lako. Kipindupindu ni mgeni mwenye jina moja na nguo nyingi.

Mlipuko wa kwanza nilikuwa bado mwanafunzi wa uuguzi. Kila kitu kilikuwa kama kitabuni: choo kama maji ya mchele, matapishi, ngozi ukiifinya inabaki imesimama. Hata hivyo tulikuwa na mzee mmoja aliyeletwa kwa kwikwi tu, siku nzima kwikwi, tukamcheka. Hakufika jioni. Na wapo waliosema wanaungua, wakitupa shuka, wakati ukiwagusa ni baridi kama sakafu.

Mlipuko wa tatu, ule wa mafuriko, ulikuja kwa watoto. Degedege. Tukawapa dawa ya malaria, kumbe ni sukari mwilini imekwisha. Tulipojifunza kuwapa sukari kwanza, wakaacha kutufia. Na homa, Bi Maswali. Kitabu kinasema mgonjwa wa kipindupindu hana homa. Watoto hawakusoma kitabu hicho.

Kuhusu mtu wako, wapo wanaoitwa wa tumbo kavu. Mimi sijawahi kuwaona, nimesoma tu. Maji ya mwili yote humwagikia ndani ya utumbo, na utumbo umelala, haushushi kitu. Mtu hufa kwa kiu akiwa amejaa maji. Ukimgonga chini ya kitovu ni pazito kama debe lililojaa, na ukimgeuza ubavu unayasikia yakihama, naye anakuomba msamaha kwa zile kelele. Mpeni dripu kwa haraka, mbili kwa pamoja, kana kwamba ameharisha ndoo nzima.

Kula. Hata kama huna hamu, kula.

Mjomba wako


Kambini, 2 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama, nikairudia nimekaa. Mpe pole binamu na sare zake. Mama ameandika kwamba ulichokubali ni kupakwa rangi nyumba yako, kwa hiyo jiandae.

Dawa yako ya sukari imetusaidia. Tulikuwa na msichana wa miaka saba mwenye degedege, muuguzi tayari ameshika sindano ya malaria, nikasema tujaribu sukari. Baada ya robo saa alifungua macho akauliza viatu vyake viko wapi. Muuguzi wa getini ananiangalia tofauti siku hizi.

Lakini mambo mengine hayanyooki. Nina mama mmoja aliyetapika tu. Nina mpagazi ambaye presha yake haipimiki kwenye mkono, mpigo hakuna kabisa, na bado anabishana na mwenzake habari za mpira. Nimechora jedwali kwenye ukurasa wa nyuma wa daftari: huku mlipuko wa kwanza, huku wa tatu, huku huu wetu. Kila nikilitazama naona safu moja tupu. Umeruka wa pili, Mjomba. Ule uliotokea mimi nikiwa mdogo. Ni kusahau, au?

Jambo jingine. Umeandika kwamba hujawahi kuwaona wa tumbo kavu. Kitabu gani kilichokuambia kwamba mgonjwa huomba msamaha?

Kinyozi alikufa. Nilikuwa sijakuambia. Alikufa Jumapili ile, kabla sijakuandikia barua ya kwanza. Nilikuuliza habari zake kana kwamba bado yuko kitandani, sijui kwa nini. Labda nilitaka unijibu kama mtu ambaye bado anaweza kusaidiwa. Kwenye daftari niliandika "kuziba kwa utumbo".

Siku chache baada yake waliingia watu watatu wa mtaa wake. Nitakueleza siku nyingine, nimechoka.

Mpwa wako


Nyumbani, 27 Aprili

Mpwa wangu,

Marahaba. Hatujambo. Mafundi rangi wamekuja, wamehamisha vitu vyote, sasa sijui miwani iko wapi, ndiyo maana mwandiko umekuwa mkubwa. Sare zimekwisha. Mvua imetoboa bati la jikoni.

Pole kwa kinyozi. Wagonjwa hufa, na wewe utazeeka.

Mlipuko wa pili sina la kusema. Ni zamani. Ilikuwa kazi tu.

Nataka kujua kitu kimoja na unijibu bila kuzunguka. Akina nani walimwosha kinyozi?

Mjomba wako


Kambini, 9 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Nimekaa na swali lako siku tatu. Umejuaje kuuliza hilo?

Nitakueleza kama lilivyokuwa. Mtu akifa kwa kipindupindu, mwili hautoki hapa mikononi mwa ndugu. Vijana wetu waliofunzwa huuosha kwa dawa ya klorini, huufunga, na kuzika wanazika wenyewe huku ndugu wamesimama mbali. Watu wanaichukia sheria hiyo, nami nawaelewa. Kinyozi hakuwa wa kipindupindu. Nilikuwa nimeandika utumbo. Kaka yake alikuja na mkokoteni, nikatia sahihi, nikagonga muhuri, akanishukuru kwa mikono miwili. Walimwosha nyumbani: kaka mtu, baba mkwe wake na jirani mmoja.

Hao ndio watatu niliokuambia. Jirani amepona. Mzee amepona kwa shida. Kaka mtu alifika amechelewa, akatufia kwenye hema la pili, akiwa ameharisha kama kitabu kinavyotaka, hakuacha dalili hata moja.

Utasema basi jibu limepatikana. Sikiliza. Kabla kinyozi hajafa nilichukua kipimo kwa pamba, kikapelekwa maabara ya mji mkubwa. Majibu yamerudi juzi: hakuna kilichoota. Kwa hiyo hakuwa na kipindupindu? Lakini dereva anasema gari liliharibika njiani na lile sanduku lilikaa juani siku mbili, kwa hiyo hata wadudu wangekuwapo wangekufa. Kwa hiyo alikuwa nacho? Halafu watu wa maji wamepima kisima cha nyuma ya nyumba yao, wakakuta kichafu kabisa. Kaka mtu alikunywa maji ya kile kisima kila siku. Kwa hiyo si maiti, ni maji? Lakini jirani ana bomba lake, kisimani hafiki, naye aliugua. Lakini jirani anauza chakula kituoni. Kila mlango ninaoufungua unanirudisha kwenye chumba kile kile.

Nilimwendea daktari mkuu. Anasinzia akiwa amesimama siku hizi. Akasema, "Wewe uliandika ulichokiona. Tuendelee." Niliondoka nikijiuliza kama niliandika nilichokiona au niliandika kile ambacho geti linaruhusu.

Nafikiria kuacha kazi. Usinijibu kwa mzaha, Mjomba.

Mpwa wako


Nyumbani, 30 Mei

Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu,

Marahaba. Sisi wazima. Nyumba imepakwa rangi ya kijivu ambayo sikuichagua. Habari za nyumbani zimeishia hapo, maana nimeandika barua hii mara nne, na kila mara habari za nyumbani zilijaza ukurasa mpaka pakakosekana nafasi.

Mlipuko wa pili nilikuwa msimamizi wa wodi. Daktari alikuwa mmoja kwa vituo vitatu, akija anapita kama upepo. Siku moja akaletwa mama wa mtaani kwetu, mfuma vikapu, mtu tuliyesalimiana naye kila asubuhi. Hakuwa ameharisha. Tumbo limejaa, sauti imekwenda, miguu inajikunja. Nilipomgeuza, maji yakacheza ndani yake, akaniambia, "Nisamehe, mwanangu, kwa hizi kelele." Hilo halimo kwenye kitabu chochote, umenikamata vizuri.

Aliaga dunia siku ile ile. Wewe ulikuwa hujui, Bi Maswali. Ulidhani ni utumbo na hukuwa na mtu wa kukuambia. Mimi nilikuwa nusu najua. Nilikuwa nimesoma. Lakini nilifikiria binti zake wanavyosimama mbali wakati mama yao anafungwa kwenye plastiki na vijana wasiomjua, nikaona hana dalili, hakuna atakayeniuliza. Nikaandika "moyo". Nilidhani ninawatendea wema.

Wanawake wa mtaa walimwosha. Mke wangu alikuwa mmoja wao. Alinitazama usoni kabla hajatoka, akaniuliza, "Ni moyo?" Nikamwambia, "Ni moyo."

Siku ya nne akaanza kuharisha. Siku ya tano nikawa mgane, na binti yangu ana miaka minne. Na mke wangu pia nilimwandikia moyo. Ningeandika ukweli, wangeniuliza ameupatia wapi. Mama yako ndiye aliyechoma shuka. Anajua, na hajawahi kunitamkia neno. Wewe na binamu yako mmekua mkiambiwa kwamba mkaza mjomba wako alikuwa na moyo dhaifu.

Sasa sikia sehemu inayonichanganya mpaka leo. Juma lile lile bomba la mtaa wetu lilipasuka karibu na mtaro, na sote tulikunywa maji yale. Mimi, mtoto, majirani. Wengine waliugua, wengine hawakuugua. Waliomwosha yule mama walikuwa sita, walioanguka ni wawili. Nimehesabu siku, nimechora mitaa kwenye karatasi, nimechora majedwali kama lako. Miaka ishirini na sita. Sijui kama nilimuua mke wangu au bomba lilimuua. Ningejua kuwa ni mimi, ningelia nikamaliza. Ningejua si mimi, ningelala. Nimebaki hapa katikati.

Kwa hiyo siwezi kukuambia ni maiti au ni kisima. Naweza kukuambia mambo mawili. La kwanza, likiwapo tumbo la namna ile wakati wa mlipuko, mwite mwenye nalo kipindupindu mpaka ithibitike vingine, akiwa hai na akiwa maiti. La pili, nenda kwa mjane wa kinyozi. Mimi sikuwaendea binti za yule mama. Wakinikuta njiani walikuwa wakinipa pole ya mke wangu, nami nikiipokea.

Kazi usiache. Hilo si mzaha.

Mjomba wako


Kambini, 21 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Sijui nikupe pole ya nini kwanza. Nimekaa na barua yako mfukoni majuma mawili, na mara mbili nimeanza kukukasirikia, nikashindwa kuendelea. Niache hivyo kwa sasa.

Wagonjwa wamepungua, juzi tumekunja hema moja. Kula nakula.

Nilikwenda. Nilidhani nitamkuta mjane ndani amejifunika, nikajitayarishia maneno ya kusema mlangoni. Nikamkuta dukani. Amefungua duka la mumewe, ameshika wembe, kiti kina mzee mwenye povu nusu ya uso. Aliniona akasema, "Tabibu. Subiri nimalize shavu hili."

Nikasubiri. Kisha akasema, "Haya, sema. Huyu mzee ni kama babangu."

Nikamwambia nilikosea, kwamba mumewe huenda alikuwa na kipindupindu na mimi niliandika utumbo.

"Huenda?"

"Nadhani alikuwa nacho. Kipimo kimesema hana, lakini kipimo kiliharibika njiani."

"Na shemeji yangu?"

"Yeye ni kipindupindu, hakuna shaka."

"Alichukua kwa mume wangu au kwa kisima?"

"Sijui," nikasema. "Nimetafuta sana. Sijui."

Akafuta wembe kwenye taulo, taratibu, pande zote mbili. Mzee kwenye kiti alikuwa amefumba macho kama mtu anayejifanya hayupo. Halafu mjane akasema, "Mimi niliuona mwili ulivyovimba. Niliwaambia wasimwoshe kwa mikono mitupu, nikawaambia tukanunue hata dawa ya kufulia. Shemeji akanionyesha karatasi yako. Akasema, shemeji, wewe ni daktari? Tabibu ameandika utumbo, angalia na muhuri huu hapa. Basi nikanyamaza."

Mjomba, siku zote nilidhani kosa langu ni kutojua. Kumbe alikuwapo mtu mmoja aliyejua, na sahihi yangu ndiyo iliyomfunga mdomo.

Nikamwuliza anataka nifanye nini. Akasema, "Badilisha ile karatasi. Mimi hainisaidii kitu. Ila kuna mwanamke mwingine ataambiwa anyamaze." Kisha akampaka mzee povu upande wa pili, akaendelea na kazi. Hakunisindikiza, na hakunifukuza.

Nimebadilisha karatasi, na daftari pia. Nimeandika "kipindupindu, chadhaniwa, bila kuharisha", nikaweka tarehe na jina langu. Daktari mkuu alinung'unika kwamba hesabu za juma lile zimekwisha kutumwa, lakini alitia sahihi. Getini sasa maswali ni matatu: umeharisha, tumbo limejaa, misuli inakaza. Muuguzi ameyaandika kwa rangi ukutani kwa sababu hataki, anasema, kubishana na kumbukumbu yake. Siku ya nane tangu tubadilishe, aliingia fundi bomba mwenye tumbo kavu. Tulimpa dripu mbili kwa pamoja kama ulivyosema. Jioni yake akaharisha, na nadhani sijawahi kufurahia harufu ile kabla ya siku hiyo. Amekwenda kwao.

Nimejaza safu iliyokuwa tupu kwenye jedwali. Jina sikuweka.

Mjomba, nimekuwa mpwa wako miaka yote hii na naogopa kukuuliza hili. Binamu yangu anajua?

Mpwa wako


Nyumbani, 8 Julai

Mpwa wangu,

Marahaba. Mama yako anakusalimu. Alikuja, nikamwambia kwamba wewe unajua sasa. Hakupiga kelele safari hii. Aliosha vyombo vyote, hata visafi, akaenda zake.

Binamu yako hakuwa akijua. Nilimwambia Jumatano, baada ya chakula cha mchana, cherehani ikiwa imefunikwa. Nilisema yote kama nilivyokuandikia wewe. Aliniangalia mpaka mwisho. Kisha akachukua ile chaki yake ya kuchorea vitambaa akaniandikia juu ya meza, kama afanyavyo anapotaka nisikose neno. Nilidhani ataandika habari za mama yake. Aliandika: "Mimi moyo wangu mzima?"

Sikuelewa. Nikamwambia arudie. Akafuta kwa kiganja akaandika tena, herufi kubwa. Ndipo akanieleza, nusu kwa chaki, nusu kwa kunipigia kelele sikioni. Tangu utoto anajua mama yake alikufa kwa moyo akiwa na miaka thelathini. Mwaka huu yeye ametimiza thelathini. Shuleni alikataa mbio, akapigwa kwa uvivu. Yule fundi seremala aliyemposa miaka mitano nyuma, ambaye sote tulishangaa kwa nini alimkataa, alimkataa kwa sababu alidhani akizaa moyo utasimama, na hakutaka kuacha mtoto wa miaka minne. Hakuwahi kumwambia mtu. Mimi nilikuwa ndani ya nyumba hii hii, muuguzi wa miaka thelathini na minne kazini, sikuona dalili hata moja.

Siku tatu hakunisemesha. Chakula alikuwa akiweka mezani, anatoka. Ni haki yake.

Leo asubuhi amekwenda sokoni kwa njia ya mlima, badala ya kuzunguka barabarani. Nilimwona kutoka dirishani akipanda, hakusimama mahali. Aliporudi alikuwa ameloa jasho, akaketi kizingitini, akaweka vidole viwili shingoni na kuitazama saa ya ukutani. Nilimsogelea nikamwuliza ngapi. Akachukua chaki akaandika sakafuni, mia na kumi na mbili.

Nikamwambia ndivyo mapigo yanavyokuwa kwa mtu aliyetoka kupanda mlima. Akaniashiria nikae, ahesabu na yangu.

Mjomba wako